Acha Pengo Lionekane Kabla Hujaiita Mashine

Msomaji mmoja kijana ameniandikia ujumbe ambao sijaweza kuupita. Anaandika riwaya, amefika sura ya nne akakwama, akaiomba ChatGPT, ile programu ya akili mnemba, imalizie, nayo ikamaliza papo hapo. "Kaka," anasema, "Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Sasa kwa nini unatuhimiza tuumize vichwa?"

Ni swali la haki. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, Kiswahili cha akili mnemba kimenyooka sana. Anayekwambia uiepuke kwa sababu inakosea ngeli hakusaidii, maana kesho haitakosea. Sababu yangu ni nyingine, na niliipata msibani.

Mjomba wangu alifariki Makambako. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi, na wasifu wa marehemu huwa ni kazi yangu. Safari hii nilikuta kamati ya mazishi imeshaupata. Binamu yangu alikuwa ameingiza kwenye simu jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi alizofanya na idadi ya watoto, na mashine ikampa kurasa mbili. Mwenyekiti wa kamati akaniambia mbele ya watu, "Wewe mwandishi pumzika, kazi yako siku hizi inafanywa na simu." Watu wakacheka. Sikujibu kitu, lakini neno lile linanichoma hadi leo ninapoliandika.

Nikauomba wasifu wenyewe niusome. Ulikuwa umepangika. Ulisema alijiunga na ujenzi wa reli ya TAZARA mwaka 1972, na kwamba "baada ya reli kukamilika aliendelea kulitumikia taifa kwa uadilifu na moyo wa kujituma," hadi alipofungua duka mwaka 1981. Ungesomwa makaburini, na hakuna ambaye angeona kasoro.

Nikachukua daftari, nikakaa pembeni ya turubai, nikaanza upya kwa kalamu. Miaka ya reli ilikuja yenyewe, kwa sababu mjomba aliisimulia maisha yake yote: mahandaki na madaraja ya kipande cha Mlimba hadi Makambako, mafundi wa Kichina waliokula vumbi moja na vijana wetu, na namba za Kichina alizojifunza kwao, ambazo hadi uzeeni alikuwa akizitumia dukani kuhesabia chenji. Kisha nikafika mwaka 1975, ulazaji wa reli ulipokamilika, na kalamu ikasimama. Duka ni la 1981. Hapo katikati alikuwa wapi?

Binamu yangu hakuwahi kujiuliza swali hilo, na si kwamba hana akili. Ni kijana mwerevu kuliko wengi wetu. Ila sentensi ya mashine ilikuwa imeshapita juu ya ile miaka, laini, bila kumkwaza popote. Mimi sikuwa na sentensi ya kupitisha hapo. Ikabidi niinuke nikaulize.

Nikaenda kwa mama mkubwa, dada yake marehemu, aliyekuwa amekaa na akina mama upande wa jikoni. Nikampa shikamoo, nikachuchumaa, nikamuuliza. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwani hamkuambiwa? Alikwenda vitani."

Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, mgambo wengi waliitwa kuliongezea jeshi nguvu, na mjomba alikuwa miongoni mwao. Alikuwako Uganda wakati Kampala inaanguka mwezi Aprili 1979. Aliporudi alikataa kabisa kuizungumzia ile vita. Na ule mguu aliokuwa akiuburuta, ambao sote tulikua tukiambiwa kuwa uliumia relini, uliumia kule. Nikawaita watoto wake tukakaa faragha. Watu wazima wale, wenye wajukuu, walikuwa hawalijui hilo hata kidogo. Walilia, halafu mkubwa wao akasema lisomwe.

Wasifu uliosomwa siku iliyofuata ulikuwa wangu, na ninajivunia. Baada ya maziko mzee mmoja aliyekuwa naye vitani alinifuata kuomba nakala. Mzee huyo huyo alimgeukia binamu yangu akamuuliza kwa upole, "Na wewe kwenye karatasi yako, ulisema alilitumikia taifa wapi?" Binamu hakukumbuka kama aliandika maneno hayo. Alitoa simu akaanza kutafuta.

Nimelikumbuka tukio hilo niliposoma habari za utafiti ambao MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, iliutoa mwaka 2025. Watu 54 waliandika insha huku wamefungwa kichwani vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo. Kundi moja lilitumia ChatGPT, la pili lilitafuta mtandaoni kwa njia ya kawaida, la tatu halikuwa na msaada wowote. Kundi la ChatGPT ndilo ambalo mawasiliano kati ya sehemu za ubongo yalikuwa hafifu zaidi, na wengi wao walishindwa kunukuu kwa usahihi insha waliyotoka kuiandika. Utafiti ni mdogo, na ulitolewa kabla ya kupitiwa na wataalamu wengine, hivyo usiubebe kama msahafu. Lakini mimi nilishaiona sura hiyo Makambako: ni mtu aliyebebwa mgongoni, amefika, na njia haijui.

Kuna pia wale mawakili wa New York waliotozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, ChatGPT ilizitunga. Kila mtu anasema wangehakiki. Sawa, wangehakiki. Ila kuna walichokikosa mapema zaidi. Wakili anayepekua majalada akakosa kesi ya kumuunga mkono ameshajua kitu, kwamba hoja yake huenda ni dhaifu, na anabadilisha mwendo. Mashine iliwanyima kule kukosa.

Ndugu yangu wa sura ya nne, na ninyi nyote mnaotamani siku moja kuona jina lenu juu ya jalada la kitabu: kukwama ni sehemu ya kazi. Umekwama kwa sababu bado hujui mhusika wako anataka nini. Mashine nayo haijui, ila yenyewe haikwami. Ukiipa sura hiyo itaijaza, na hutapata tena sababu ya kurudi kumchunguza mtu uliyemuumba mwenyewe.

Kwa hiyo rasimu ya kwanza iandike wewe, kwa kalamu ikiwezekana. Ukikwama, acha nafasi nyeupe na uandike swali pembeni. Usiijaze. Nenda kamuulize mtu aliyekuwepo, bibi, jirani, fundi, mzee wa mtaa. Ukirudi, andika tena mwenyewe. Narudia, rasimu ya kwanza ni yako, na ya pili pia. Kukagua tahajia mwishoni iachie mashine, hata mimi huiachia.

Hata nyumbani kwangu ndiyo sheria. Mpwa wangu wa kidato cha sita, ninayeishi naye, haruhusiwi kugusa simu kwa ajili ya insha mpaka anionyeshe daftari lenye mistari aliyoikata na maswali yaliyomshinda. Analalamika kwamba wenzake humaliza mapema wakalala. Nimemwambia wenzake na walale. Juzi alikesha na insha ya ardhi, na saa nne usiku akaniomba namba ya babu yake ili ampigie kumuuliza jambo. Nikampa simu.