Kabla Hujahamia Jimbo Jingine Bila Makaratasi

Karibu kila mwezi napigiwa simu na mtu ambaye muda wake wa kukaa Marekani umeisha. Salamu zikipita, swali ni lile lile: "Dada, nihamie jimbo gani?" Wengi huwa wameshajijibu kabla hawajanipigia. Wamesikia Texas kuna kazi, nyumba ni nafuu na Wabongo wapo wa kutosha. Wamesikia pia kwamba penye watu wengi wasio na makaratasi hakuna atakayekutambua. Mimi nimeishi Texas zaidi ya miaka mitatu bila makaratasi, kisha nikahamia Maryland, na nawaambia kwa moyo wangu wote: wingi wa watu haukufichi.

Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kwamba mwaka 2023 Marekani ilikuwa na watu milioni 14 wasio na kibali kamili cha kuishi nchini, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla. California ilikuwa na milioni 2.3, Texas milioni 2.1, Florida milioni 1.6. Wanafuata New York, New Jersey na Illinois. Mwaka 1990 majimbo hayo sita yalikuwa na watu wanane katika kila kumi wa kundi hili. Kufikia 2023 ilikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Watu wamesambaa kufuata kazi: viwanda vya kuku, ujenzi, mahoteli, na kwa sisi Waafrika Mashariki, kulea wazee. Mwaka 2007 California iliipita Texas kwa watu milioni 1.2. Mwaka 2023 pengo hilo lilikuwa kama laki mbili.

Sasa linganisha Texas na Vermont. Vermont ina maelfu machache tu ya watu kama hao, wengi wao wakamua ng'ombe wa maziwa. Tangu 2014 jimbo hilo linawapa kadi ya kuendeshea gari, kwa sababu mfanyakazi wa shambani huko hana basi la kumfikisha dukani wala hospitali. Texas, yenye zaidi ya milioni mbili, haiwapi leseni kabisa. Idadi na sheria haziendi pamoja. Ukifuata idadi peke yake umefuata kitu kisichokusaidia siku trafiki atakapowasha taa nyuma yako.

Nasema hivi kwa sababu nimeyaona. Huko Texas tulikuwa watano nyumba moja. Dada mmoja kati yetu alikuwa akilea wazee zamu ya asubuhi, anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Taa moja ya nyuma ya gari lake ilikuwa imekufa, na kila wikendi alisema ataitengeneza. Alisimamishwa akiwa dakika kumi kutoka nyumbani. Hana leseni. Akapelekwa jela ya kaunti, akachukuliwa alama za vidole, na kabla ya siku kuisha watu wa uhamiaji walikuwa wameshajua alipo. Gari lilivutwa. Tulipokwenda kulikomboa siku ya nne, kwenye kiti cha mbele kulikuwa na bakuli lake la wali na maharage, limevunda, na kijiko kimefungwa vizuri kwenye leso. Yeye hatukumwona tena Marekani. Yuko Morogoro.

Hapo kuna jambo la kulielewa vizuri. Alama za vidole zikichukuliwa jela, iwe jimbo gani, hufika serikali kuu. Maryland ni hivyo hivyo, California ni hivyo hivyo. Tofauti ya majimbo iko hatua moja nyuma: je, taa mbovu inakufikisha jela, au unaandikiwa faini na kuendelea na safari? Mwenye leseni kwa kawaida huandikiwa faini. Ndiyo maana mtu akiniuliza jimbo, swali langu la kwanza ni kama atahitaji kuendesha gari, na mlea wazee karibu siku zote anahitaji.

Majimbo 19 pamoja na jiji la Washington yameruhusu leseni au kadi ya aina hiyo. Maryland ilianza Januari 2014, na sharti lake kubwa lilikuwa uthibitisho kwamba umewasilisha ritani za kodi za jimbo kwa miaka miwili. Nilihama mwaka huo huo. Nikaomba namba ya mlipa kodi iitwayo ITIN, nikawa nawasilisha ritani kila mwaka, na 2016 nikapata leseni. Kadi yenyewe ina maandishi kwamba haikubaliki kwa shughuli za serikali kuu, kwa hiyo usidhani itakupandisha ndege. Lakini siku ile niliendesha kutoka mtihani hadi Silver Spring mikono yangu ikiwa imetulia kwenye usukani, mara ya kwanza katika nchi hii.

Nisikudanganye kuhusu gharama. Kodi ya chumba ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Texas, na miezi mitano ya kwanza nilibeba boksi usiku na kulea mzee mchana. Na mambo yamebadilika tangu wakati wangu: Aprili 2025 mamlaka ya kodi na idara ya uhamiaji zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa, na kesi zikafunguliwa kuyapinga. Kama hujawahi kuwasilisha kodi, zungumza na wakili kwanza, kisha ndiyo ujaze fomu.

Chunguza pia kazi. Arizona humlazimisha kila mwajiri kukagua kibali cha kazi kwa mfumo wa E-Verify. Florida, tangu 2023, humlazimisha mwenye wafanyakazi 25 au zaidi. Sheria hiyo hiyo ya Florida haitambui leseni ambazo majimbo mengine huzitoa kwa wasio na makaratasi pekee, kwa hiyo leseni iliyokuwa halali huko ulikotoka inaweza kukuponza ukienda kumtembelea shangazi Orlando. Texas ina sheria ya 2017 inayoikataza miji kujitenga na kazi ya uhamiaji. Usiishie kwenye jimbo. Uliza kaunti: sherifu ana mkataba na uhamiaji au hana?

Wenye watoto wasiogope shule. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba shule ya serikali haiwezi kumkataa mtoto kwa kukosa makaratasi. Chuo ndiko majimbo yanakotofautiana. Texas ilikuwa ya kwanza, 2001, kuwatoza vijana hawa ada ya mkazi, ikaacha Juni 2025. Maryland wananchi wenyewe walipiga kura ya ndiyo mwaka 2012.

Lakini hakuna jimbo litakalokupa makaratasi. Hayo ni ya serikali kuu, na kanuni zake ni zile zile Alaska hadi Florida. Aliyepitisha muda kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka anafungiwa kurudi miaka mitatu. Aliyepitisha mwaka mmoja, miaka kumi. Kuondoka ndiko kunakowasha adhabu hiyo. Mama yangu alizikwa nikiwa hapa, nikatazama kwenye simu ya mdogo wangu iliyokuwa ikitetemeka mkononi mwake. Nafsi yangu ilitaka kupanda ndege. Wakili ndiye aliyenizuia, na siku ile nilimchukia.

Jihadhari na ndugu zetu wanaouza "kujilipua", yaani kuomba ukimbizi kwa hadithi ya kutunga. Wanakuandikia hadithi ya mateso ambayo hukuyapata, wanachukua dola elfu mbili, na wewe ndiye unayetia saini. Ombi la ukimbizi la uongo linaweza kukufungia kila mlango maisha yako yote. Mwenye hofu ya kweli aende mapema, kwa sababu kwa kawaida kuna mwaka mmoja tu tangu kuingia.

Wengi wetu tuliingia kwa ndege, tukakaguliwa, pasi ikagongwa muhuri. Hilo lina thamani kubwa. Aliyeingia hivyo, akifunga ndoa ya kweli na raia, kwa kawaida anaweza kuomba greencard akiwa humu humu nchini hata kama muda wake ulipita. Mimi nilipata hivyo, na kwenye usaili nilikwenda na wakili. Usiende bila yeye. Kitu alichokiulizia kwanza kilikuwa ile kadi ndogo nyeupe ya kumbukumbu ya kuingia nchini, I-94, iliyobanwa kwa pini kwenye pasi yangu ya 2010. Ilikuwa imekunjamana na imepoteza kona moja. Siku hizi wanaokuja kwa ndege wanaikuta mtandaoni, lakini kama wewe ulikuja kabla ya 2013, itafute leo kwenye pasi ya zamani, ipige picha, na uitunze mahali pakavu.