Maji yanayocheza ndani ya mlango

Mkuu, hayo maji unayoyasikia kwenye mlango wa gari ukikata kona baada ya mvua hayamaanishi kwamba raba ya kioo imekufa. Maji huingia mlangoni siku zote. Tatizo lako ni kwamba hayatoki. Fungua mlango, pitisha kidole ukingo wa chini kabisa: utakuta matundu mawili matatu, mengine yamefunikwa na kiraba. Vumbi letu la Mbeya likishalowa hugandia humo kama tope la tofali. Zibua kwa kijiti cha plastiki, si bisibisi. Ukikwaruza rangi, kutu itaanzia hapo hapo. Kisha mimina nusu lita pembeni mwa kioo, uone yanatoka. Na kama unaegesha chini ya mparachichi, toa majani chini ya waipa. Pale pakiziba, maji huishia kwenye kapeti.