Jibu: Ibada ya asubuhi inakatika kila baada ya wiki mbili

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Umeuliza kwa nini ibada yako hukatika, nawe umejipangia kusoma sura 4 za Biblia kila siku. Hizo sura 4 kwa siku ndizo zinazokuangusha: ukiruka siku 2 una deni la sura 8, unakata tamaa. Anza na Zaburi moja, dakika 15, kabla hujashika simu. Isome mara 2, ya pili kwa sauti, kisha nakili mstari mmoja daftarini na uuombe kwa maneno yako. Ukiruka siku, usilipe deni. Soma ya leo. Zaburi 119 ina mistari 176, igawe kwa mafungu yake 22 ya mistari 8. Na usizikwepe za maombolezo, kama ya 13 na ya 88 (hii huishia gizani kabisa). Msiba ukibisha hodi, hutakuwa na nguvu ya kuanza kuzitafuta.