Maswali ya Wasomaji: Mzamiaji Asiyetoa Mapovu

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mkazi wa Tanga na marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Hivi karibuni nilitazama filamu fupi ya wazamiaji wakiogelea kando ya silikanti, samaki yule wa kale ambaye huku kwetu hunaswa mara moja moja na nyavu za jarife. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna hata povu moja lililotoka vinywani mwao. Walikuwa wakipumua nini, na nani alibuni kifaa hicho? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na Mungu amrehemu mzee. Maelezo yako yanafanana sana na kazi iliyofanywa mwaka 2013 na Mfaransa Laurent Ballesta pamoja na wenzake, waliowafuata silikanti hadi kina cha takribani mita 120 huko Sodwana Bay, Afrika Kusini. Msafara huo waliuita Gombessa, jina ambalo ndugu zetu wa Komoro wamempa samaki huyo, na kwa kuwa silikanti wa Tanga ni wa aina hiyo hiyo, swali lako linatuhusu moja kwa moja watu wa pwani hii.

Jibu fupi ni kwamba walikuwa wakipumua pumzi yao wenyewe. Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na tunapoitoa bado inabaki na asilimia 16 au 17. Kilichoongezeka ni hewa ukaa, ambayo ikirundikana mwilini hudhuru. Mzamiaji wa mtungi wa kawaida huimwaga pumzi yote majini, na hasara yake huongezeka kadiri anavyoshuka, kwa sababu hewa hubanwa na uzito wa maji. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo la bari 200, yaani lita 2,400 za hewa: mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ataumaliza kwa saa mbili, akiwa mita 30 ataumaliza kwa nusu saa, na kwenye mita 120 ataumaliza kwa dakika tisa tu, ilhali kupanda salama kutoka kina hicho huchukua saa kadhaa.

Kifaa cha pumzi ya mzunguko hakitupi kilicho kizima. Pumzi hupita kwenye mpira hadi kwenye mfuko laini, huchujwa katika kopo lililojaa chembe za chokaa ya soda zinazonasa hewa ukaa, huongezewa oksijeni kidogo kufidia ile iliyotumiwa na mwili, kisha hurudi mdomoni. Mwili hauhitaji oksijeni zaidi kwa sababu tu mtu yuko chini zaidi, kwa hiyo mtungi mdogo wa lita 3 unaweza kumtosha mzamiaji kwa saa nyingi. Chokaa ndiyo huchoka mapema. Kwa vina vikubwa mchanganyiko hutiwa gesi ya heliamu, kwa kuwa naitrojeni iliyomo hewani hulevya huko chini.

Kifaa cha kwanza cha aina hii kilichofaa kwa kazi kiliundwa mwaka 1878 na Henry Fleuss, baharia wa meli za biashara wa Uingereza, ambaye alichuja pumzi kwa nyuzi za kamba zilizoloweshwa katika maji ya potashi kali. Sifa ya kifaa hicho ilipatikana katika handaki la reli lililokuwa likichimbwa chini ya mlango wa mto Severn, kati ya Uingereza na Wales. Handaki lilikuwa limefurika, na ilibidi mtu aende gizani ndani ya maji umbali wa mita 300 hivi ili afunge mlango wa chuma. Mzamiaji Alexander Lambert alijaribu kwanza kwa vazi la kofia ya shaba, lakini mpira mrefu wa hewa aliokuwa akiuburuta ulielea na kukwama darini, akalazimika kurudi. Aliporejea Novemba 1880 akiwa na kifaa cha Fleuss, bila mpira wowote wa kumfunga na walio juu, aliufikia mlango na kuufunga. Kila ninapoikumbuka habari hiyo humwona mtu huyo akipapasa ukuta peke yake, uhai wake wote ukiwa ndani ya mfuko mmoja na nyuzi zilizolowa.

Jambo lililogharimu zaidi kulijua ni kwamba oksijeni nayo huua. Mwaka ule ule wa 1878 mtaalamu wa Ufaransa, Paul Bert, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba oksijeni ikivutwa kwa shinikizo kubwa humtupa kiumbe katika mtukutiko kama wa kifafa, lakini wazamiaji waliendelea kujifunza somo hilo kwa miili yao. Mzamiaji wa Kifaransa Jacques Cousteau alipatwa na mtukutiko huo mara mbili alipojaribu vifaa vya oksijeni, na baadaye, mwaka 1943, yeye na mhandisi Émile Gagnan wakatengeneza vali ya mtungi wa hewa ambayo ndiyo mzazi wa tunazotumia leo. Kwa hiyo naona ni haki kusema kwamba mtungi wa kawaida ulizaliwa kwa kukikimbia kifaa unachokiuliza.

Wanajeshi hawakukikimbia, kwa sababu mtu asiyetoa mapovu haonekani. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941 Waitaliano sita, wakipumua oksijeni na kuendesha torpedo tatu kwa kuzipanda kama farasi, waliingia katika bandari ya Alexandria nchini Misri na kuzitoboa kwa mabaruti manowari kubwa mbili za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Waingereza nao walimpa daktari wa jeshi la majini, Kenneth Donald, kazi ya kupima ni oksijeni kiasi gani mtu anaweza kuistahimili majini. Alichokigundua kingali kinanitisha: mtu yule yule aliyestahimili muda mrefu leo anaweza kushikwa na mtukutiko mapema sana kesho, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba yeye mwili wake umezoea. Siku hizi oksijeni tupu haivutwi chini ya mita 6.

Ufumbuzi ulikuja kwa umeme. Mwaka 1968 Walter Starck na John Kanwisher walitoa kifaa chenye vihisi vilivyopima oksijeni ndani ya mzunguko na kuamuru iongezwe ilipopungua. Mwaka 1987 Bill Stone alikaa saa 24 mfululizo chini ya maji katika chemchemi ya Wakulla, Florida, kwa kifaa alichokiunda mwenyewe, na mwaka 1997 kampuni moja ya Uingereza ikaanza kuuza kifaa cha namna hiyo kwa raia wa kawaida. Vifaa vya Sodwana ni wajukuu wa hivyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Ninaongoza watalii wanaozamia huko Nungwi, Zanzibar. Mwezi uliopita nilipokea wageni wawili wenye vifaa vya namna hiyo, nikawaona wamekaa botini dakika tano nzima wakipumua tu, macho yamekodolea kioo kidogo mkononi, ndipo wakaingia majini. Kwa nini hufanya vile, na mtu hujisikiaje akiwa navyo chini? — Msomaji, Nungwi

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Nitaanza na la pili, kwa kuwa nililionja mwenyewe nilipokwenda kujifunza Dahab, Misri, kwenye Bahari ya Shamu.

Kazi huanza nchi kavu. Asubuhi ya kwanza mwalimu alinisimamisha mahali pasipo na upepo, akanifundisha kumimina chokaa kwenye kopo kidogo kidogo huku nikiligonga ubavuni kwa kiganja, hadi chembe zikatulia na uso wake ukawa sawa kama wa unga uliopimwa. Palipobaki pengo pembeni alinimwagisha yote nikaanza upya, maana pumzi hupitia penye nafasi, na ikipita hapo hairudi imechujwa.

Majini nilijiona mwanafunzi wa siku ya kwanza. Wewe unajua jinsi tunavyopanda kidogo kwa kuvuta pumzi na kushuka kwa kuitoa, kiasi kwamba mtu husahau kuwa anafanya hivyo. Nilipofika mbele ya jiwe lenye matumbawe nikavuta pumzi ili nilipite kwa juu, na mwili haukuinuka hata kidogo, kwa sababu hewa iliyoingia kifuani ilikuwa imetoka mfukoni na ujazo wangu mimi na kifaa haukubadilika. Ilibidi nipige mapezi kwa haraka na kwa aibu ili nisilivunje.

Nilipotulia, nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yote ya mitungi: bahari yenyewe. Samaki aina ya kasuku walikuwa wakiguguna matumbawe, na sauti pekee ya kwangu ilikuwa mlio mdogo wa vali ya oksijeni nyuma ya mgongo, tik, kisha kimya. Pumzi ilikuja ya uvuguvugu na yenye unyevu, kwa kuwa chokaa inaponasa hewa ukaa hutoa joto na maji. Chewa mmoja, ambaye kwa kawaida hujificha pangoni anaposikia mapovu, alikuja akasimama mbele ya miwani yangu, akinitazama huku akifungua na kufunga mashavu.

Sasa zile dakika tano. Kinachotufanya tutamani hewa si upungufu wa oksijeni, bali ni kuongezeka kwa hewa ukaa. Kifaa kikiendelea kuchuja hewa ukaa lakini oksijeni ikawa imefungwa, mzamiaji hatahema wala hatahisi dhiki yoyote. Atazimika kama taa. Kwa hiyo hukaa botini, pua imezibwa, akaangalia kama vihisi, ambavyo kwa kawaida huwa vitatu ili kimoja kikidanganya viwili vikisute, vinasoma sawasawa na kama oksijeni inaongezwa kila inapopungua. Kuzimika ukiwa umekaa mbele ya mwenzako kuna dawa.

Hewa ukaa nayo, hasa kwenye vina vikubwa ambako hewa ni nzito kusukuma, huja kwa njia yake. Januari 2005, Mwaustralia David Shaw alishuka mita 270 katika Boesmansgat, shimo la maji lililoko Afrika Kusini, akiwa na kifaa hiki, ili aurejeshe kwa wazazi mwili wa kijana Deon Dreyer, aliyefia humo mwaka 1994. Kamera iliyokuwa kwenye kofia yake ilirekodi akihangaika na kamba na pumzi yake ikizidi kwenda mbio, na waliochunguza walifikia uamuzi kwamba hewa ukaa ilimshinda kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya kule chini. Miili yote miwili ilipanda juu baadaye. Ndiyo maana wanaotumia vifaa hivi hubeba pia mtungi wa kawaida ubavuni: pumzi ikianza kwenda mbio hakuna kubishana nayo, mtu huhamia mtungini mara moja.

SWALI: Nimeona kifaa kilichotumika kikiuzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Nina uzoefu wa miaka minane wa kuzamia kwa mitungi. Je, nikinunue na kujifunza mwenyewe kwa video? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, kaka, tafadhali usifanye hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulihesabu vifo 181 vya wazamiaji wa burudani waliotumia vifaa hivi kati ya 1998 na 2010, na ukakadiria hatari yake kuwa takribani mara kumi ya ile ya mitungi. Miaka yako minane ni mali katika mambo mengi, lakini imekufundisha kwamba mdomo ukipata hewa basi uko salama, na hapa mazoea hayo ndiyo ya kwanza kuyaacha. Aidha mafunzo hutolewa kwa kila aina ya kifaa peke yake. Cheti cha aina moja hakikupi ruhusa ya nyingine. Kwa hiyo mtafute mwalimu kwanza, kisha ununue kifaa anachokifundisha.

Ikiwa baada ya hapo bado unakitaka hicho cha mtandaoni, muombe muuzaji picha ya tarehe iliyoandikwa kwenye kila kihisi cha oksijeni. Vihisi hivyo huzeeka hata vikiwa kabatini, na wengi huvibadilisha kila baada ya mwaka mmoja hivi. Asipotaka kuituma picha hiyo, achana naye.