Kumkumbuka ndugu aliyefia jeshini

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Kaka yetu alikuwa askari, akauawa vitani miaka kadhaa iliyopita na kuzikwa huko huko. Ameacha mke na watoto. Kila mwaka kikosi chake hutualika kwenye kumbukumbu ya waliofariki. Mama hulia kila akitajwa, na jamaa humwambia kulia ni kukosa imani. Wengine wanasema hana haja ya dua, kwa kuwa ni shahidi, yaani aliyeuawa katika njia ya Allah. Tumkumbuke vipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Allah amrehemu kaka yenu, dada yangu, na ampe mama subira.

Nianze na mama. Mwacheni alie. Mwaka wa 8 Hijria, Zayd bin Haritha, Ja'far bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha (r.a.) waliuawa katika vita vya Mu'ta mmoja baada ya mwingine, na Mtume (s.a.w.) alipowapa watu habari zao, macho yake yalikuwa yakitiririka machozi. Nani ana imani kumshinda yeye? Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Chozi la mama halimo humo, na anayemkaripia anamwongezea msiba.

Kuhusu kufa shahidi, Mtume aliulizwa juu ya anayepigania ngawira na anayepigana ili asifiwe. Akajibu kuwa aliye katika njia ya Allah ni yule anayepigana ili neno la Allah liwe juu. Nia ya mtu hatuioni sisi. Imepokewa pia kwamba anayeuawa akitetea nafsi yake, watu wake au mali yake ni shahidi, kwa hiyo matumaini yapo, na ni makubwa. Semeni "tunataraji Allah amempokea miongoni mwa mashahidi", msipitishe hukumu. Ama kuacha kumuombea, hapana! Mashahidi wa vita vya Uhud, akiwemo ami yake Hamza, Mtume aliwaombea hata baada ya miaka minane. Dua humfikia popote alipozikwa, hivyo umbali wa kaburi usiwavunje moyo.

Jambo linalonitia wasiwasi ni jingine. Shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Hadithi hiyo ipo katika Sahihi Muslim. Mara ngapi familia hukusanyika kumkumbuka marehemu, na hakuna aliyewahi kuuliza nani anamdai? Waulizeni mkewe na askari wenzake. Likipatikana deni, lilipeni kabla ya sadaka yoyote. Kisha toeni sadaka kwa niaba yake, kama Sa'd bin Ubada alivyotoa bustani yake kwa ajili ya mama yake aliyefariki yeye akiwa safarini.

Mwaliko wa kikosi mnaweza kuuitikia ili kufarijiana na wafiwa wenzenu, mradi msishiriki ibada isiyo ya dini yetu. Wakinyamaza dakika moja, ninyi mwombeeni maghfira moyoni.

Sasa watoto. Ja'far alipouawa, Mtume aliagiza familia yake ipikiwe chakula, na mjane wake, Asma bint Umays, alipotaja uyatima wa wanawe, akamwambia kuwa yeye ndiye walii (msimamizi) wao duniani na akhera. Huko ndiko kumkumbuka askari aliyekufa! Kwa hiyo chungueni mafao ya kaka yenu yalikwenda wapi. Mali aliyoacha, baada ya deni na wasia, mama ana sudusi (moja ya sita), mke ana thumuni (moja ya nane), na inayobaki ni ya watoto, ikiwa yumo mwana wa kiume. Hapo ndugu hamna fungu. Kilichotolewa mahsusi kwa watoto ni chao peke yao. Qur'ani (4:10) inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Kama kuna jamaa aliyechukua, arudishe sasa, hata kidogo kidogo.

Wallahu a'lam.