Anza na leseni, kisha chanzo chenyewe

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kukagua kifurushi cha programu cha mwenzako kabla hakijaingia Debian, mfumo endeshi huria wa Linux. Anza na leseni. Usiridhike na lile faili moja la leseni pale juu. Fungua mafaili ya ndani pia, maana mara nyingi utakuta msimbo ulioazimwa kutoka mradi mwingine na mwenye msimbo huo hatajwi kwenye debian/copyright, faili linaloorodhesha wenye hakimiliki na leseni zao. Hapo kirudishe, bila kuona haya. Kisha linganisha tarball, yaani furushi la chanzo linalotolewa na mradi, na hazina ya Git, mahali msimbo na historia yake vinapotunzwa. Mwaka 2024, kipande kilichowasha hila ya xz 5.6.0, mlango wa siri uliofichwa ndani ya programu ya kubana data, kilikaa ndani ya tarball, kwenye build-to-host.m4, faili ambalo Git haikuwa nalo. Lintian, programu ya kukagua makosa ya vifurushi vya Debian, iendeshe pia, ni ya haraka. Halafu kijenge mwenyewe, intaneti ikiwa imezimwa. Kikigoma, tafuta kinachopakuliwa kutoka nje.