Barua kwa mwanangu: Ombi ambalo bado linangoja

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mpwapwa. Sisi hatujambo, mvua ya juzi imetufaa, uwele umefika magotini na karanga nimeshapalilia mara moja. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia usiku nimeusikiliza, nikaurudia. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu mimi huishia kulia au kukugombeza, na sasa hivi huhitaji hata kimoja.

Umeuliza hivi: Yesu mwenyewe aliomba wafuasi wake wawe kitu kimoja, na mpaka leo Wakristo tumegawanyika hadi kitandani kwa mgonjwa. Kama ombi la Mwana wa Mungu halijajibiwa, wewe unayeombea figo za mumeo unangoja nini? Ukasema padre alipomletea baba Upendo Komunyo wodini, wewe Mwanglikana ulitoka ukakaa kwenye benchi la nje kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Na juu ya hayo, dada mmoja wa kikundi chenu cha maombi amekwambia ugonjwa huu ni adhabu ya kuolewa nje ya kanisa lako, huku shangazi wa mumeo akisema yale yale kwa kuyageuza, kwamba mtoto wao amepatwa kwa kuoa nje.

Hao wawili niwamalize kwanza. Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwona kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Figo za baba Upendo zimeharibiwa na presha aliyokaa nayo miaka bila kujua, daktari alitueleza nami nikiwa nimekaa pale pale. Wakija tena wapikie chai, wanywe, waage. Ndoa yenu ilifungwa kwa ruhusa ya askofu wake, kama Kanisa Katoliki linavyotaka Mkatoliki anapooana na Mkristo wa kanisa lingine. Wala hakuna aliyekubatiza upya. Ubatizo ulioupata hapa kwetu ukiwa mchanga, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, wao wanautambua. Huyo shangazi anajua hilo, au angeweza kumuuliza katekista wake.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mchungaji mmoja akikujibu kwamba "Mungu ana mpango," mshukuru, ila mimi jibu hilo halijawahi kunishibisha. Ombi unalolisema liko Yohana 17: "Wote wawe na umoja, kama wewe, Baba, ulivyo ndani yangu, nami ndani yako." Angalia aliliomba lini. Ni usiku ule ule wa kukamatwa. Kutoka hapo alikwenda bustanini, akaanguka kifudifudi, akaomba kikombe kimwepuke. Hakikumwepuka. Na lile la umoja, kama unavyosema, bado linangoja. Kwa hiyo mwanangu, unapoomba ukaona kimya, usidhani umefukuzwa nyumbani. Umekaa mahali ambapo Yesu naye alikaa. Wahubiri wanaosema ukiona hujajibiwa ujue imani yako ni haba, mimi huwa nazima redio. Kwa kipimo chao hata Yesu angeshindwa.

Lakini pia sitaki uamini kwamba ombi lile limelala tu. Nimefundisha historia shule ya msingi hadi nikastaafu, basi univumilie kidogo.

Unajua CMS, wale wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, walifika hapa Mpwapwa mwaka 1876, na kwamba zamani kanisa letu lilikuwa chini ya askofu wa Mombasa. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine, walikutana Kikuyu kule Kenya kuzungumzia jinsi ya kushirikiana. Mwishoni askofu huyo wa Mombasa akaongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Habari zikamfikia Frank Weston, askofu wa Zanzibar, Mwanglikana kama wao. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury kuwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi! Ugomvi ukavuka bahari, magazeti ya Uingereza yakaushabikia. Na wala Weston hakuwa mtu mbaya. Waafrika wa pwani aliwapenda na aliwatetea. Aliamini tu kwamba umoja unaoruka mambo mazito si umoja.

Weston alifariki mwaka 1924, karibu na Magila, bila kuona mwisho wa ugomvi ule. Mwaka 1960 likaundwa Jimbo la Kianglikana la Afrika Mashariki, kisha mwaka 1970 Jimbo la Tanzania peke yake, na tangu 1960 kanisa la Zanzibar na kanisa letu la Dodoma ni kanisa moja, maaskofu wao wanakaa kikao kimoja. Sisi tuliokulia Ugogo bila uvumba wala mishumaa mingi tunakwenda pwani, tunakohoa kidogo, tunashiriki. Kutoka 1913 hadi 1960 ni miaka 47. Na hapo ni Waanglikana kwa Waanglikana tu! Kwa Wakatoliki safari ni ndefu zaidi, ingawa nako watu hawajakaa bure: mwaka 1992 Jumuiya ya Kikristo ya makanisa ya Kiprotestanti na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili hospitali na shule za makanisa zisemewe kwa sauti moja.

Kuna jingine ambalo haliniachi. Hannington, mmisionari wa CMS, alipita hapa Mpwapwa mwaka 1882 akielekea ziwani. Mwaka 1885 alirudi akiwa askofu, kwa njia nyingine, akauawa Busoga, Uganda. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa ikulu ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana siku moja. Walimu wao, mapadre wa Kifaransa na wamisionari wa Kiingereza, walikuwa hawaelewani hata kidogo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale Wakatoliki 22, aliwataja na Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Sisemi Mungu aliwasha moto ule ili atupatanishe. Mungu wa namna hiyo nisingeweza kumwomba. Nasema tu kwamba walipofika kwenye kuni, mambo waliyogombania walimu wao hayakuwatenganisha.

Nimeliona hilo kwa macho yangu, kwa kiasi kidogo, alipofariki baba yenu. Wewe ulikuwa umezimia muda mwingi, hukuona. Mwaka ule ulikuwa wa njaa, na siku ya pili ya msiba unga uliisha, watu wamejaa uani. Jirani yetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, yule mwenye mguu mbovu, hakumuuliza mtu. Alikwenda kwake akafungua kilindo cha uwele aliokuwa ameufungia mbegu, akaja nao kichwani huku akichechemea. Wakausaga. Akina mama wa kanisa letu wakasonga ugali, wale wa kanisa la Kipentekoste wakachambua mlenda, na rozari ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa jiko letu la Kianglikana, kwa sababu mwenyewe alikuwa anakoroga na haikuwa na pa kukaa. Jioni wakabishana kidogo nani aanzishe wimbo. Walibishana kweli, usifikiri ilikuwa mbinguni. Msimu uliofuata tulimchangia mbegu.

Sasa lile benchi. Uchungu ulioupata pale sitaki ukuishie upesi. Ndio hasa jambo ambalo Yesu aliliombea, na ni afadhali mtu mmoja aliumie kuliko wote tulizoee. Usichukue Komunyo kwa kujificha, na usihame kanisa kwa sababu umechoka. Kama siku moja utahama, uhame kwa kuamini, nami nitakusindikiza. Lakini kutoka nje hukulazimishwa na mtu. Padre akija tena, mwambie, "Baba, naomba nibaki." Hatakukatalia. Simama upande wa kichwa, mshike mumeo mkono usio na fistula ya kusafishia damu, na ikifika Baba Yetu isali naye kwa sauti. Mtapishana maneno mahali mahali, yapishane. Na kesho yake mchungaji wako akija, baba Upendo naye atasali akiwa amelala pale pale.

Kuhusu kumlalamikia Mungu, umeuliza kama ni dhambi. Fungua Zaburi ya 88 uisome hadi mwisho. Zaburi nyingi za kilio huishia na sifa. Hiyo inaishia gizani, na bado imewekwa kwenye Biblia ili tuisali. Mtu aliyeacha kumwamini Mungu hamgombezi usiku wa manane kama wewe unavyofanya. Mimi sijui kama baba Upendo atapona, na siwezi kukuahidi. Najua kwamba ninamwamini Mungu nikiwa sijui, na nilimwamini hivyo hivyo baba yenu alipokata roho mikononi mwangu, ingawa kwa miezi mingi nilisali kwa meno yaliyoumana.

Nikimaliza palizi ya pili nitapanda basi nije, nikae angalau hadi Upendo afunge shule, ili siku za kusafisha damu ulale kidogo. Mlenda mkavu niliutenga, ila nasikia wenye figo hupunguziwa mboga za majani, kwa hiyo muulize yule mtaalamu wa lishe kabla sijaufunga. Na usitume nauli, ninayo.

Mama yako